Tairi la Upande wa Mama Sekela

Haya wapendwa, kaeni, kaeni mpumzike. Wenye watoto wapakateni vizuri. Na wewe ndugu uliyekaa karibu na mlango, acha kutazama saa. Chakula cha sikukuu yetu ya mavuno bado kiko jikoni, sufuria tunazisikia zikigongana huko nyuma, na hiyo harufu ya vitunguu inanisumbua mimi kama inavyokusumbua wewe. Sitasema mengi. Leo nataka niwapeleke safari, tena safari ya raha, safari ya kwenda kumbatiza mjukuu.

Kulikuwa na seremala mmoja huko Tukuyu, yeye na mkewe. Majina yao tuyaache, tuwaite walivyoitwa na majirani, Baba Sekela na Mama Sekela, kwa ajili ya binti yao wa kwanza. Huyu bwana alikuwa fundi kwelikweli. Ukinunua kiti chake, utakikalia wewe, atakikalia mwanao, na mjukuu atakuja kukigombania. Alipoona magoti hayataki tena kupanda mapaa ya watu, akamwambia mkewe kwamba kazi sasa basi, zamu iliyobaki ni ya kuwatembelea watoto. Lakini alikuwa na shida moja, hapendi nyumba za wageni. Alisema vitanda vyao vinalia, naye akisikia kitanda kinalia anataka kuamka akitengeneze.

Basi akatengeneza nyumba ya kuvutwa. Alichukua tela la magurudumu mawili, akalijengea kuta za mbao, akatia dirisha, mlango na paa la bati, akalifunga nyuma ya pikapu yake kuukuu. Ungeiona kwa nje ungecheka, ila ukishaingia ndani hutoki. Kitanda cha wote wawili kilikuwa mbele, kimekaa kwa kukingama, na hakikulia hata kidogo.

Sasa sikilizeni jinsi alivyopanga vitu. Upande wa kulia ulikuwa wa baba. Hapo palikuwa na kiti chake cha kukunja, redio, koti la mvua kwenye msumari, na dirisha, kwa sababu bwana huyu alipenda kunywa chai huku akiangalia milima. Upande wa kushoto ulikuwa wa mama. Huko kulikuwa na jiko, mtungi wa gesi, pipa la maji, sufuria za kila ukubwa, kinu na mchi wake, na ile cherehani ya chuma ya kukanyaga kwa miguu ambayo hakuna mtu amewahi kuinyanyua peke yake akabaki na kiuno kizima. Ukimuuliza Baba Sekela, atakuambia amempa mkewe heshima. Jiko ni la mama, mwanamume aingie jikoni kwa mtu kutafuta nini?

Na kila kitu kilichoongezeka, kiwe chungu, kiwe gunia, kilipofika mlangoni Baba Sekela alikuwa na jibu moja tu, tena hakuinua hata macho kwenye redio. Alisema, "Weka huko kwako." Shikeni maneno hayo. Weka huko kwako.

Tela lile lilikuwa na ugonjwa. Tairi la kushoto lilikuwa linalika. Linatoka dukani lina meno mazuri, wanakwenda Kyela wanarudi, wanakwenda Mbeya wanarudi, likitazamwa tena limekuwa kipara kama kichwa cha mzee wetu wa kanisa pale mbele, naye atanisamehe. La kulia? La kulia lilikuwa lilelile la siku ya kwanza, meno yote kinywani. Baba Sekela alilipenda. Alikuwa akilipiga teke la upole kila asubuhi na kumwambia mkewe kwamba hilo ndilo tairi, tangu walipoanza kutembea halijalalamika. Jamani, lilalamike nini? Limebeba koti la mvua na redio.

Alipobadilisha tairi la kushoto mara ya kwanza, alikwenda kugombana na muuza matairi kwamba amemuuzia kitu kibovu. Likaja jingine, likalika vilevile. Safari hii alilaumu barabara, akasema pembeni kuna mashimo na changarawe, ndiyo maana upande huo unaumia. Lilipolika tena, hakuwa na mtu wa kumlaumu, akamwita mchungaji aje aliombee. Na mchungaji akaja. Msicheke sana, sisi wachungaji tukiitwa tunakwenda. Akaweka mkono juu ya tairi, akaomba kwa machozi, akapewa kuku, akaenda zake. Kuna mtu aliyefungua mlango wa tela akachungulia ndani? Hakuna.

Basi ikawa Sekela, yule binti, ameolewa Njombe. Alikaa miaka mingi bila mtoto, miaka ya kulia mashukani na kucheka mbele za watu. Mama yake alifunga na kuomba mpaka akakonda. Halafu Mungu akajibu, akazaliwa msichana, mnene, ana sauti ya kuamsha mtaa. Wakampa jina la bibi yake, huyuhuyu Mama Sekela, yaani Atupele. Na katika ukoo wao ilikuwa desturi kwamba mtoto akipewa jina la bibi, huyo bibi wajina wake ndiye anayembeba siku ya ubatizo, anampeleka mbele, anamkabidhi kwa mchungaji kwa mikono yake mwenyewe. Bibi asipofika anambeba mtu mwingine. Nafasi hiyo hairudii, mtoto habatizwi mara mbili. Mama Sekela alishona gauni jeupe kwa ile cherehani yake, akalikunja, akalifungua, akalikunja tena. Ubatizo ulikuwa Jumapili asubuhi. Wakaondoka Tukuyu Ijumaa, wakiimba.

Nyuma ya pikapu Baba Sekela alikuwa amepakia kitanda cha mtoto na kabati alilomchongea mjukuu, pakajaa pomoni. Kwa hiyo zawadi zote za njiani zilikuwa za kuingia kwenye tela. Na zawadi zilikuwepo! Nyie mnatujua watu wa kwetu. Ukisema unakwenda kubatiza mjukuu, hakuna atakayekuacha upite mikono mitupu, na zawadi haikataliwi. Majirani pale Tukuyu walileta mikungu ya ndizi. Wakafika Uyole, shemeji akaleta viazi gunia zima, lile la kufungwa kwa lumbesa limetoa kichwa juu. Wakalala hapo. Asubuhi wakaendelea mpaka Igurusi, dada yake Baba Sekela akatoka na gunia la mchele mpya na dumu la mafuta. Kila mahali Mama Sekela anapokea kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo kwa shukrani, anageuka na mzigo wake mlangoni, na kila mahali anasikia nini? Nasikia mmelijua. Weka huko kwako.

Pale Igurusi mama alijaribu. Alimuuliza mumewe kwa upole kama upande ule haujalemewa, maana anaona tela linakwenda limeinamisha bega kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Baba Sekela alicheka, akasema gunia la mchele ni nini mbele ya tairi, kisha akalizunguka tela akalipiga teke lile tairi la kulia, akaridhika, akapanda pikapu. Mama Sekela akanyamaza. Alisukuma gunia kwa goti likaingia, akafunga mlango. Siku hizo alikuwa amezoea kunyamaza, naye Baba Sekela alikuwa amezoea kuwaambia watu kwamba mke wake siku hizi amekuwa mkali, hacheki kama zamani.

Walipoiacha Igawa, barabara ilianza kupanda. Jua la Jumamosi mchana, pikapu inaguna, Baba Sekela anapiga mluzi. Mara wakasikia mlio huo, paa! Tela likayumba, likaburuta, likasimama limelala ubavu wa kushoto pembeni mwa barabara. Lile tairi lilikuwa limepasuka vipandevipande, nyuzi nje. Mama Sekela alishuka na gauni jeupe kifuani. Hakulaumu mtu. Alisimama akatazama barabara inakoelekea Makambako na Njombe.

Baba Sekela akamwambia asihofu, tairi la akiba lipo. Kulitazama la akiba, ni lile la zamani la kushoto, limelika upande mmoja mpaka waya zinachungulia. Akaweka jeki. Jeki ikazama kwenye udongo. Akaweka ubao chini yake, ubao ukapasuka. Upande ule ulikuwa mzito kupita kiasi, ilibidi vitu vitoke kwanza.

Karibu na hapo kulikuwa na watu wanavuna alizeti. Wakaacha vichwa vya alizeti vyao wakaja, wanaume kwa wanawake, wakiwa na furaha zao za mavuno, maana mwaka ule shamba liliwajibu. Wakaanza kutoa vitu. Vya upande wa kushoto wakaviweka kwenye majani upande huu, vya kulia wakaviweka upande ule. Likatoka pipa la maji, ukatoka mtungi, kikatoka kinu. Cherehani ilitolewa na wanaume watatu wakiimba wimbo wa kuvuta gogo. Zikatoka sufuria, ikatoka mikungu ya ndizi, likatoka gunia la viazi, likafuata la mchele, na dumu nalo. Upande wa kulia kikatoka kiti cha kukunja. Ikatoka redio. Likatoka koti la mvua. Aliyekuwa ndani akaulizwa kama kuna kingine, akajibu kwamba kuna dirisha, lakini limepigiliwa.

Tela likawa jepesi, jeki ikashika, likainuka. Baba Sekela, kwa kuwa ni fundi, akapata akili. Akawaeleza watu kwa fahari kwamba atalitoa lile tairi zuri la kulia alihamishie kushoto, na hili bovu la akiba alifunge kulia. Yuko anatafuta spana, anaongea, watu wanamsikiliza kwa adabu.

Kati yao alikuwapo mama mmoja mtu mzima, mnene, mcheshi, ana majani ya alizeti kwenye kilemba. Yeye hakuwa anatazama tairi. Alikuwa amesimama katikati ya yale marundo mawili, anatazama huku, anatazama kule, kama mtu aliyefika sokoni akakuta muuzaji hayupo. Akauliza, wala hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu:

"Samahani baba. Hapa anakaa nani, na hapa anakaa nani?"

Wapendwa, spana ilimdondoka. Baba Sekela aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu alijenge tela lile, akaiona nyumba yake ikiwa nje, juani, mbele ya watu. Rundo la kwanza lilimfika kifuani. Rundo la pili ungeweza kulibeba begani ukaenda nalo kanisani. Akataka kujibu kwamba jiko ni la mama, akaishia kuhesabu sufuria. Alikumbuka jinsi alivyogombana bure na muuza matairi. Akakumbuka na kuku wa mchungaji. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Aliyeanza kucheka ni Mama Sekela. Alicheka kwanza kwa pua, halafu akashika mbavu, halafu akaketi chini kabisa kwenye majani, kando ya kinu chake, gauni jeupe mapajani, akacheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Wavunaji nao wakaangua. Hata Baba Sekela, nini angefanya? Akacheka. Kicheko kilipotulia, mkewe alijifuta macho kwa kanga, akamwambia mbele ya wote:

"Baba Sekela, ukilihamisha hilo na lenyewe litalika. Likiisha utahamisha lipi? Liache tairi mahali pake. Hamisha mzigo."

Akauhamisha. Lile tairi bovu akalifunga kushoto, na kwa kuwa lilikuwa gonjwa, cherehani, pipa, mtungi na magunia vikahamia kulia, kwa lile lenye meno yote. Mikungu ya ndizi aliwagawia wavunaji, wakaila palepale. Wakati wa kupakia, Mama Sekela kwa mazoea alibeba kinu akageukia upande wake wa kushoto. Mumewe akamkimbilia, akakishika kile kinu, akasema, "Lete huku kwangu." Mama akasimama, mikono bado imekunjwa kama imebeba kitu. Alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo. Na kiti cha kukunja kilipokosa pa kukaa, Baba Sekela alimpa yule mama mcheshi. Mama yule akakikunjua, akakikalia kando ya barabara, akawapungia mkono mpaka walipopotea kilimani.

Walifika Njombe kabla jua halijazama, polepole, taa za hatari zinawaka. Jumapili asubuhi Mama Sekela alimbeba Atupele mbele ya kanisa zima, gauni linaburuta chini kwa urefu. Mchungaji alipotamka jina, wote wawili waligeuka, bibi na mjukuu, kanisa likapiga vigelegele. Na nyuma yao alikuwa anatembea mzee mmoja seremala, bega moja lina mfuko wa nepi, bega la pili lina mkoba wa mkewe, mkononi ana mwavuli, uso unang'aa kama yeye ndiye amebatizwa.

Wanasafiri mpaka leo. Mtaniuliza, je, matairi yao hayaliki tena? Yanalika. Tairi ni la kulika, hiyo ndiyo kazi yake, hakuna maombi ya kulizuia. Ila sasa yanalika pamoja. Ukiyatazama yamezeeka sawasawa, la mama na la baba, nao wenyewe wakiyaona wanacheka.

Vizuri. Mmecheka, nami nimefurahi. Sasa nisaidieni jambo moja. Geuzeni shingo mtazame mabenchi ya humu ndani. Mkono wangu wa kulia, upande wa wanaume, mmejaa, mmebanana, wengine mmeegemea ukuta. Mkono wangu wa kushoto, upande wa akina mama, naona bibi zetu wawili watatu wasioweza kusimama, naona watoto, halafu naona mbao. Akina mama wako wapi? Mnasikia hizo sufuria? Wameingia jikoni alfajiri. Ndio waliofagia hapa jana, ndio waliotoboa haya maboga ya mapambo hapa mbele mkaona yanapendeza, ndio waliobeba maji. Na mwaka jana siku ya mavuno walikuwa wapi? Na mwaka juzi? Neno la Mungu la sikukuu hii wanalisikia kupitia dirishani, katikati ya moshi.

Sisi tunasema nini? Tunasema jiko ni la mama. Harusi ikija, weka huko kwako. Msiba ukija, weka huko kwako. Mgonjwa wa kuuguza, mgeni wa askofu, weka huko kwako. Halafu mwenyekiti wa akina mama akichoka, akijibu mtu kwa ukali, akikaa nyumbani Jumapili mbili, tunakutana kikao na tunasema yule mama siku hizi amebadilika. Tunachagua mwingine, mwenye nguvu, ana meno yote, na tunamtwika mzigo uleule. Tunabadilisha tairi, ndugu zangu. Na mimi naitwa kuliombea. Wakati huo sisi wa kulia tunapigwa mateke ya upole na kusifiwa kwamba hatulalamiki.

Na nyumbani kwako je? Ukitoa vitu vyote nje leo, juani, ukaviweka marundo mawili, akapita mama mmoja mwenye majani ya alizeti kichwani akakuuliza hapa anakaa nani na hapa anakaa nani, utamjibu nini?

Usinijibu mimi. Sitasema Amina sasa hivi, Amina tutaisema baadaye, tukiwa wote. Wanaume, simameni. Mkifika mlango wa jikoni msiulize mnaweza kusaidia nini, hilo swali nalo ni mzigo. Nyosheni mikono mseme maneno matatu tu, mmeshayasikia. Akina mama waje wakae kwenye mabenchi yao, wanyooshe miguu, nami nitauanza mfano huu upya kutoka Tukuyu, tena kwa ajili yao tu, ninyi mtausikia kupitia dirishani.

Na wewe ndugu uliyekaa karibu na mlango, uliyekuwa unatazama saa, tangulia. Kuna sufuria kubwa ya pilau jikoni ina mishikio miwili. Shika mmoja, nakuja kushika wa pili.